Kusawazisha vihisi vya mgandamizo na joto vya kompyuta ya injini katika mwinuko wa Dodoma

Anayefunga kompyuta ya injini ya kununua, ile inayochukua nafasi ya kompyuta iliyokuja na gari, hurithi kazi ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuimaliza: kuieleza kompyuta hiyo kwamba volti fulani kutoka katika kihisi fulani maana yake ni nyuzijoto kadhaa au kilopaskali kadhaa. Kompyuta haioni joto wala mgandamizo; inaona volti tu, kati ya 0 na 5, na kiasi cha mafuta inachomwaga pamoja na wakati inaowasha plagi hutegemea tafsiri hiyo. Kwetu Dodoma, mji ulio takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kazi hii ina mtego ambao maelekezo mengi hayautaji kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya watu wa mabondeni. Hapa mgandamizo wa hewa si kilopaskali 101 bali ni takriban 89, na maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 96.4 hivi, wala hayafiki 100.

Niliwahi kuletewa gari lenye injini ya Toyota ya silinda sita iliyofungwa tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini, likitoa moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi, na plagi zake zimepakaa masizi. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha nozeli zote na pampu ya mafuta. Nilipowasha swichi bila kupiga stata, skrini ya kompyuta ilionyesha mgandamizo wa manifodi, yaani bomba linalopeleka hewa katika silinda, kuwa kilopaskali 101. Fundi aliyetangulia alikuwa ameona 89, akaamini kihisi kinadanganya, akaongeza 12 ili namba ifanane na ile ya kitabuni. Injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mafundi huiita sailensa, manifodi yake ilikuwa na mgandamizo wa 35, lakini kompyuta ikasoma 47 na kumwaga mafuta ya ziada kwa zaidi ya theluthi moja. Hapakuwa na kifaa hata kimoja kibovu katika gari lile.

Kwa hiyo anza na umeme, kwa maana kihisi kizuri chenye waya mbaya hakisawazishiki. Washa swichi, weka maltimita kati ya waya wa volti 5 na waya wa kurudisha wa kihisi, kisha uandike namba unayoipata, iwe 5.00 au 4.93. Waya wa kurudisha lazima uende katika kompyuta yenyewe, usifungwe kwenye bodi ya gari wala kwenye kichwa cha injini. Sababu yake utaiona ukipiga hesabu. Chukua kihisi cha joto la maji cha aina ya kawaida ya Bosch, kilichounganishwa na rezista ya omu 2,490 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ndani ya kompyuta: kwa nyuzijoto 90 kina omu 243 na hutoa takriban volti 0.44, na kwa nyuzijoto 100 kina omu 187 na hutoa takriban 0.35. Nyuzi kumi nzima zinabebwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Ikiwa feni ya rejeta ikiwaka inaisukuma ethi, yaani bodi ambayo umeme hurudia, kwa volti 0.05 tu, joto litaonekana limeruka kwa nyuzi tano, na utatafuta tatizo la thamostati ambalo halipo.

Kihisi cha joto hupunguza ukinzani kadiri kinavyopata moto, tena si kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo programu nyingi za kompyuta hizi huomba vipimo vitatu ili zichore mkunjo wake. Usichukue jedwali la kihisi cha aina nyingine ukadhani kitalingana. Kihisi cha Toyota huwa na omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzijoto 20 na omu 200 hadi 400 kwa nyuzijoto 80, na nafasi hiyo ni pana mno kwa kazi tunayoitaka. Kipime chako mwenyewe.

Kipimo cha kwanza ni barafu, ambayo huyeyuka kwa nyuzijoto 0 Dodoma sawasawa na Tanga. Iponde ndogondogo, ijaze kikombe, kisha ongeza maji ya kujaza nafasi zilizobaki tu na ukoroge. Wapo wanaohofia kwamba maji yetu ya visima yenye chumvichumvi yatavuruga kipimo, lakini chumvi hiyo ni ndogo mno kuweza kuonekana kwenye maltimita. Tumbukiza ncha ya shaba ya kihisi, soketi yake ibaki juu ya maji, na usubiri dakika tano au zaidi hadi namba itulie. Kihisi cha Bosch kitakuonyesha karibu omu 5,900.

Kipimo cha pili ni cha joto la kawaida. Mimi huacha ndoo ya maji kivulini usiku kucha pamoja na kipimajoto, na kihisi nikakitumbukiza alfajiri kabla jua halijapiga bati la gereji, kwa kuwa mchana ndani ya gereji yenye paa la bati kila kitu kina joto lake.

Kipimo cha tatu, cha maji yanayochemka, ndicho kinachostahili uangalifu wote, kwa kuwa kiko karibu na joto ambalo injini hufanyia kazi. Ning'iniza kihisi kwa waya katikati ya sufuria, kisiguse chini wala ubavuni, kwa sababu chuma cha sufuria kilicho juu ya moto wa gesi kina joto kuliko maji. Mara ya mwisho nilipofanya hivi namba ya omu ilishuka haraka, 400, 310, 250, kisha ikaanza kusitasita. Maji yalipotokota kwa nguvu ikasimama kwenye 208 na haikusogea tena hata nilipoongeza moto. Hiyo 208 iandikwe 96.4 katika programu. Ukiiandika 100, kwa kufuata maelekezo ya pwani, gari litaonyesha joto la uongo la nyuzi tatu na nusu hivi pale injini inapokuwa na moto wake wa kawaida, na feni itawaka kabla ya wakati wake. Kipimajoto chako nacho kikague hapohapo: kikionyesha 100 ndani ya maji yanayochemka Dodoma, ni kibovu.

Kihisi cha joto la hewa hupimwa vivyo hivyo, ila kile chenye ncha ya wazi kiviringishe ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni kabla ya kukitia majini.

Kuhusu mgandamizo, tenganisha kwanza aina mbili. Kihisi cha manifodi husoma mgandamizo kamili, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa lazima kisome hewa ya mahali ulipo. Vihisi vya oili na mafuta kwa kawaida husoma ziada juu ya hewa, na injini ikiwa imezimwa husoma sifuri. Ili kujua hewa ya Dodoma siku hiyo, usitumie namba ya utabiri wa hali ya hewa, ambayo huwa imekwisha kugeuzwa iwe ya usawa wa bahari na ndiyo maana utaiona ni hektopaskali 1014 au karibu na hapo. Simu yenye kipimahewa ndani itakuonyesha kitu kama 890, yaani kilopaskali 89, na hiyo ndiyo kweli.

Kwa kihisi cha manifodi cha aina ya MPX4250, ambacho kimo ndani ya kompyuta nyingi za kujifungia, kilopaskali 89 ni volti 1.58. Kisha tumia pampu ya mkono ya kuvuta hewa: geji yake ikionyesha umevuta 50, mgandamizo uliobaki ni 89 kutoa 50, yaani 39, na volti itakuwa 0.58. Anayetoa 50 kutoka kwenye 101 atapata 51 na kuharibu kazi yote. Kama gari lina tabo, pima na upande wa juu kwa pampu ya baiskeli na geji: ziada ya 100 ni mgandamizo wa 189, na volti 3.58.

Vihisi vingi vya oili na mafuta hutoa volti 0.5 kwa sifuri na 4.5 kwa kilele chake. Usikisawazishe kihisi cha mafuta kisome sifuri mara tu baada ya kuzima injini, kwa maana bomba hubaki na presha kwa muda mrefu. Itoe presha hiyo kwanza, injini ikiwa imepoa na pasipo moto karibu. Baadhi ya vihisi hivi vimefungiwa hewa ya kiwandani ndani yake, na hivyo hapa vitasoma pungufu ya 12 hivi. Marekebisho hayo madogo ni halali kuyafanya.

Ukikosa pampu, barabara ya Iringa itakufaa. Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari na Iringa mjini kama mita 1,550. Simama Mtera, zima injini kabisa, washa swichi bila kupiga stata, na usome: iwe 93 au 94. Fanya hivyo tena Iringa, utarajie 84 au 85. Kuzima ni lazima, kwa sababu kompyuta nyingi zisizo na kihisi cha pekee cha hewa ya nje huisoma hewa hiyo mara moja tu, kabla injini haijaanza kuzunguka, kisha huendelea kuikumbuka ile ya Dodoma safari nzima.