Pilipili jikoni: kuchagua, kupikia na kutengeneza pilipili ya chupa

Natengeneza pilipili ya chupa na kuiuza. Wateja wengi hutaka kitu kimoja: pilipili inayonukia vizuri lakini isiyowatoa machozi. Inawezekana kabisa, kwa sababu harufu na ukali havikai sehemu moja ndani ya pilipili. Ukishajua ukali umejificha wapi, unaupunguza kwa kiasi unachotaka.

Hatua ya 1: Jua unanunua ipi

Pilipili hoho ni mboga, haiwashi hata kidogo. Ya kijani haijaiva bado. Ikiachwa mtini hugeuka nyekundu au njano na utamu wake huongezeka. Itie kwenye rosti mwishoni, dakika chache kabla ya kuepua, isije ikalainika na kupoteza ladha.

Pilipili mbuzi ni ile fupi yenye mikunjo, na harufu yake inakaribia ya matunda. Pilipili kichaa ni nyembamba na ndogo, aghalabu huchongoka kuelekea juu mtini. Jina linawatisha watu, wakadhani kichaa ndiyo kali kuliko zote. Kwa kipimo cha ukali alichobuni Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, hoho ni 0, kichaa huwa kati ya 50,000 na 100,000, na jamii ya pilipili mbuzi huanzia hapo 100,000 ikafika hata 350,000. Kwa hiyo mbuzi ndiyo ya kuiheshimu.

Pilipili manga ni mmea mwingine kabisa. Hizo nyingine zote asili yake ni Amerika, lakini manga ilitoka India, na hutambaa juu ya miti kama unavyoiona mashambani Unguja. Inunue punje nzima na uitwange siku unayopika. Ya unga iliyokaa kwenye kopo miezi mingi huwa imebaki kuwasha tu, harufu imekwisha. Ni ya pilau, ya supu, na ya ule uji wa Ramadhani.

Iwe hoho au mbuzi, chagua yenye ngozi inayong'aa na kikonyo cha kijani. Kikonyo kikiwa cheusi na chenye unyevu, ndani imeanza kuoza hata kama nje inapendeza.

Hatua ya 2: Punguza ukali kwa kisu

Pasua pilipili mbuzi kwa urefu. Utaona utando mweupe uliozishikilia mbegu. Ukali unatengenezwa hapo. Mbegu hulaumiwa bure. Zinawasha kwa sababu zimegusana na huo utando. Pitisha ncha ya kijiko cha chai kuanzia kwenye kikonyo kwenda chini, utando na mbegu vitoke pamoja. Nyama inayobaki ina harufu yake yote na sehemu ndogo tu ya ukali. Anayependa moto aache utando kwenye pilipili mbili tatu.

Vaa glavu. Kama huna, paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza, kwa sababu kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Ndiyo maana ukimaliza unasugua mikono kwa mafuta kwanza, halafu sabuni. Usimshike mtoto wala kugusa macho kabla ya hapo. Na mdomo ukiungua, kunywa maziwa au mtindi. Maji huusambaza tu moto mdomoni.

Hatua ya 3: Tumia nzima chunguni

Hii naipenda kuliko njia zote. Mchuzi wa samaki wa nazi au maharage yakikaribia kuiva, weka pilipili mbuzi moja nzima juu, na kikonyo chake, ielee. Usiitoboe. Funika, acha dakika kumi moto mdogo, na usikoroge kwa nguvu. Ngozi ikianza kulegea, iopoe taratibu kwa upawa. Chakula chote kitanukia na hata watoto watakula. Anayetaka zaidi aipasue kwenye sahani yake.

Hatua ya 4: Pilipili ya chupa

Andaa pilipili mbuzi robo kilo, karoti 2, kitunguu maji 1, punje 6 za kitunguu saumu, siki nyeupe kikombe kimoja na nusu, chumvi vijiko 2 vya chai na sukari kijiko 1.

Chemsha chupa na vifuniko vyake kwenye maji dakika kumi. Katakata karoti, kitunguu na saumu, vichemshe kwenye siki mpaka karoti ilainike, ndipo utie pilipili, chumvi na sukari. Ziache dakika tano tu, kwani zikipikwa sana harufu yote hutoka na mvuke. Fungua madirisha na usiinamie sufuria; huo mvuke unapalia vibaya. Acha ipoe kidogo kabla ya kusaga, maana blenda iliyojazwa kitu cha moto na kufunikwa huweza kurusha kifuniko.

Baada ya kusaga, rudisha jikoni ichemke tena, kisha mimina ikiwa ya moto. Ikiwa nzito, ongeza siki, usiongeze maji. Siki ndiyo inayozuia vijidudu. Weka kwenye friji na uchote kwa kijiko kikavu. Ikitoa povu, ukungu au harufu ya ajabu, mwaga chupa nzima.

Kuna wanaoloweka pilipili na saumu mbichi kwenye mafuta na kuziacha kabatini. Tafadhali usifanye hivyo. Ndani ya mafuta hakuna hewa wala uchachu, na bakteria wa sumu hatari ya botulini hustawi katika mazingira ya namna hiyo.

Hatua ya 5: Kichaa, mbichi au kavu

Mbichi, iponde kwenye kinu na chumvi ya mawe, kamulia ndimu. Upake muhogo wa kuchoma ukiwa bado moto.

Ya kukausha iwe nyekundu kabisa. Itandaze kwenye ungo au wavu ulioinuliwa, kamwe si chini ardhini, na uiingize ndani jioni umande usiikute. Unyevu huleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kuisaga hakuondoi sumu hiyo. Ukiitikisa ukasikia mbegu zikicheza ndani na ukiikunja ikavunjika, ipo tayari kwa mkebe.