Kupima wanga, sukari, protini na mafuta: usikariri rangi, elewa kinachotokea kwenye tyubu

Habari zenu wadau wa baiolojia. Wanafunzi wa fomu foo wengi wananiuliza rangi tu, iodini inatoa rangi gani, Benedict (dawa ya bluu ya kupimia sukari) inatoa rangi gani, sasa leo twende hatua kwa hatua ila kila hatua tuseme na molekuli yenyewe inafanya nini mle ndani, maana ukishaelewa hilo hata mtihani ukikuletea mchanganyiko ambao hujawahi kuuona hutababaika.

Kwanza msingi. Mwili wa kiumbe hai sehemu kubwa ni maji, ukiyatoa hayo maji vinavyobaki kwa wingi ni makundi manne: kabohaidreti (wanga na sukari), protini, mafuta na asidi nukleiki yaani DNA na RNA. Wanga, protini na DNA ni minyororo, na kila kiungo kinapoungana na mwenzake inatoka molekuli moja ya maji. Chukua sukari mbili ndogo, glukosi C6H12O6 na fruktosi nayo C6H12O6, ziunganishe upate sukrosi, ile sukari ya chai, ambayo ni C12H22O11, hesabu mwenyewe, haidrojeni mbili na oksijeni moja hazipo, ndo maji hayo. Kuvunja mnyororo ni kuyarudisha. Mafuta yenyewe hayana mnyororo wa hivyo, ni gliseroli moja imebeba asidi za mafuta tatu.

Hatua ya 1: sampuli. Ponda chakula, weka maji kidogo, chuja, gawa kwenye testi tyubu nne. Usipime viwili kwenye tyubu moja.

Hatua ya 2: wanga. Dondoshea iodini matone mawili matatu, kahawia ikigeuka bluu-nyeusi wanga upo. Sababu yake ni kwamba ndani ya wanga kuna mnyororo wa glukosi unaoitwa amilosi ambao umejikunja kama springi, iodini inaingia pale katikati na rangi inabadilika. Ukipasha moto mkunjo unalegea na rangi inapotea, ikipoa inarudi, kwa hiyo msipime uji wa moto halafu mkaandika hakuna wanga!

Hatua ya 3: sukari, na hapa ndo watu wanapoteza maksi kwahiyo someni taratibu. Weka sampuli mililita 2 na Benedict mililita 2, tumbukiza tyubu kwenye maji yanayochemka kama dakika 5. Bluu itaenda kijani, njano, chungwa mpaka nyekundu ya tofali kutegemea sukari ni nyingi kiasi gani. Benedict ina mrututu, yaani kopa salfeti ambayo ni chumvi ya shaba, na glukosi inaipa ile shaba elektroni, shaba inageuka kopa oksaidi nyekundu isiyoyeyuka inatuama chini. Sasa sukari ya chai ambayo ni sukrosi haifanyi hivyo, kwa sababu zile sehemu za glukosi na fruktosi ambazo zingetoa elektroni ndo zilizotumika kushikana. Unafanyaje? Weka haidrokloriki asidi nyepesi mililita 1, chemsha, asidi itasaidia maji yaingie na kuivunja, poza, kisha weka sodiamu baikaboneti kidogo kidogo mpaka povu liishe, halafu ndo Benedict na uchemshe tena. Usiruke hiyo baikaboneti, Benedict haifanyi kazi kwenye asidi.

Hatua ya 4: protini. Sodiamu haidroksaidi kwanza, kisha mrututu wa asilimia 1 tone kwa tone huku unatikisa. HAIPASHWI MOTO. Zambarau inatokea kwa sababu naitrojeni za kwenye viungo vya amino asidi, zile zinazojenga mnyororo wa protini, zinaikamata shaba. Ukimwaga mrututu mwingi bluu yake itaifunika zambarau na utaandika jibu la uongo.

Hatua ya 5: mafuta. Tikisa sampuli na ethanoli, mimina kwenye maji, ukungu mweupe ukitokea mafuta yapo. Ethanoli inashika moto upesi, iweke mbali na jiko.

MASWALI YA WADAU

Shikamoo mwalimu, tumepima ndizi mbichi ikawa nyeusi na iodini, ile iliyoiva sana iodini imebaki kahawia ila Benedict imetoa nyekundu. Tumekosea?

Marahaba, hamjakosea kabisa. Ndizi ikiiva enzaimu zake zinakata wanga kuwa sukari, ndo maana inakuwa tamu.

Selulosi, ile ya kuta za seli za mimea, nayo si glukosi tupu? Mbona iodini haiifanyi nyeusi?

Swali zuri sana hili. Ni glukosi ndiyo ila zimeungana kwa mgeuko mwingine, kila moja imepinduliwa ukilinganisha na jirani yake, mnyororo unanyooka na iodini haipati pa kuingia. Mgeuko huohuo ndo unafanya enzaimu zetu zishindwe kuikata, ng'ombe anasaidiwa na vijidudu vya tumboni.

Iodini ya duka la dawa ile ya vidonda inafaa?

Ile ya povidoni inafaa, izimue na maji. Chakula ulichopimia tupa, asile mtu.

Kaka na DNA haina kipimo?

Kwa nyumbani unaweza kuitoa uione. Ponda nyanya iliyoiva na maji, chumvi na sabuni ya maji kidogo, sabuni inavunja utando wa seli ambao umejengwa kwa mafuta, chuja, kisha mimina taratibu spiriti ya baridi sana pembeni ya glasi ikae juu. DNA haiyeyuki kwenye spiriti kwa hiyo itajikusanya hapo kati, ichukue na kijiti.

Shule yetu haina jiko la gesi, maji ya moto ya chupa ya chai yanatosha kwa Benedict?

Yanatosha kama ndo yametoka kuchemka, angalau nyuzi 80. Weka kwenye bika, tumbukiza tyubu, na yakipoa badilisha mengine. Yakiwa vuguvugu utakaa na bluu yako mpaka kipindi kiishe.