Zana za kumodi GTA San Andreas: ipi inafungua nini

Anayeanza kumodi, yaani kubadili gemu kwa kuongeza au kubadilisha mafaili yake, hupakua zana kumi kabla hajajua hata moja inafanya kazi gani. Bando linaisha, gemu haifunguki tena, na lawama zinaangukia kompyuta. Kwa kazi za kawaida, yaani kubadili gari, rangi yake na mwendo wake, zana chache tu zinatosha, na zote zinaenea kwenye flashi ndogo.

Hapa tunazungumzia GTA San Andreas ya kompyuta, iliyotoka Juni 2005. Inakwenda bila taabu hata kwenye laptopu za mtumba zinazozunguka Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, na mafaili yake ni rahisi kuyaelewa. Ile Definitive Edition ya 2021 iache kando: imejengwa juu ya injini nyingine, Unreal Engine, na zana zinazotajwa hapa hazifungui chochote ndani yake.

Kabla ya zana, angalia gemu yenyewe. Fungua folda yake utazame faili kuu. Ikiitwa gta-sa.exe, yenye kistari cha katikati, hilo ni toleo la Steam, duka la gemu la mtandaoni, lililofanyiwa mabadiliko, na modi nyingi zitalikataa kwa sababu ziliandikwa kwa toleo 1.0, ambalo faili yake ni gta_sa.exe. Pili, gemu isikae ndani ya Program Files. Windows huzuia programu kuandika humo, na mara nyingine huyapeleka mabadiliko kimyakimya kwenye folda nyingine iitwayo VirtualStore, kisha unashangaa umebadili faili lakini gari ni lilelile. Ihamishie C:\Gemu au popote penye nafasi. Tatu, washa uonekanaji wa viambishi vya mafaili (herufi za mwisho wa jina, kama .txt) kwenye Windows. Usipofanya hivyo, siku moja utahifadhi handling.cfg.txt ukidhani ni handling.cfg, na gemu haitaisoma kamwe.

Sasa aina za mafaili, maana ukizijua hizi zana zinajieleza zenyewe. Faili ya .dff ni umbo la kitu: bodi ya gari, mtu, nyumba. Faili ya .txd ni picha zinazovishwa juu ya umbo hilo. Gari moja huwa na zote mbili kwa jina moja, mfano coach.dff na coach.txd. Faili ya .img ni ghala lililokusanya maelfu ya hizo. Kubwa kuliko zote ni gta3.img ndani ya folda ya models, karibu MB 900. Halafu kuna .cfg, .ide na .dat, ambazo ni maandishi matupu.

Kwa hiyo: maandishi unayafungua kwa Notepad++. Picha za .txd unazifungua kwa Magic.TXD. Ghala la .img unalifungua kwa Alci's IMG Editor. Umbo la .dff linahitaji Blender pamoja na nyongeza yake iitwayo DragonFF, lakini hiyo ni kazi ya baadaye. Anayeanzia hapo hukata tamaa mapema, kwa sababu kuchonga umbo ni fani nyingine kabisa. Sanny Builder nayo, ya kuandika skripti za CLEO, yaani maagizo mapya ya kuongeza kwenye gemu, isikushughulishe mwezi wa kwanza.

Zana muhimu kuliko zote haifungui faili lolote. Ni Mod Loader. Yenyewe huiambia gemu isome modi zako kutoka folda ya pembeni bila kugusa mafaili ya asili. Mafunzo mengi ya zamani yanakuelekeza uingize gari moja kwa moja ndani ya gta3.img, kisha ubofye Rebuild. Usifuate. Rebuild inaliandika upya ghala zima, na umeme ukikatika katikati yake kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu ambayo betri imekufa, ghala linaharibika na unalazimika kuitafuta gemu yote upya. Alci's itumie kutoa faili tu, basi.

Mod Loader haiwaki bila ASI Loader. Hiyo inakuja kama vorbisFile.dll inayochukua nafasi ya ile ya asili, na ya asili inabaki kwa jina vorbisHooked.dll. Zote mbili zikae pembeni ya gta_sa.exe, pamoja na modloader.asi na folda ya modloader. Kama baada ya hapo gemu haiwaki kabisa, tazama kwanza kizuizi cha antivirusi: faili ya .asi ni .dll iliyobadilishwa jina, na antivirusi nyingi haziipendi.

Zoezi la kwanza: mwendo wa gari. Kopi data\handling.cfg uipeleke kwenye folda mpya, modloader\Majaribio, kisha fungua hiyo nakala. Tafuta LANDSTAL, ile Landstalker inayofanana na magari ya miradi yanayokwenda Kasulu na Kibondo. Hesabu safu kutoka kushoto, jina likiwa la kwanza. Ya 2 ni uzito, 1700.0. Ya 3 ni ugumu wa kugeuka, 5008.3. Ya 9 ni kushika barabara, 0.75. Ya 13 ni mwendo wa juu, 160.0, ya 14 ni mchapuko, 25.0. Ya 16 inasema matairi gani yanavuta: 4 ni yote, F ya mbele, R ya nyuma. Ya 17 ni injini, D kwa dizeli, P kwa petroli.

Wengi hupandisha 160 hadi 300 wakaona hakuna tofauti. Ni kwa sababu mchapuko haujaongezwa, na upinzani wa hewa, safu ya 4, unalizuia gari kabla halijaufikia mwendo huo. Pandisha ya 14 kidogokidogo. Ukiongeza uzito, ongeza na safu ya 3 kwa uwiano uleule: kutoka 1700 kwenda 2300, ile 5008.3 iwe 6775.9. Safu ya 9 ukiipandisha mno, gari litang'ang'ania lami hadi lipinduke kwenye kona.

Zoezi la pili: kulipaka coach, basi la kwenye gemu, lifanane na basi la Kigoma–Tabora. Toa coach.txd ndani ya gta3.img kwa Alci's, uifungue kwa Magic.TXD. Huenda usijue picha ipi inavaa wapi. Chukua moja, ipake nyekundu nzima kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, irudishe, weka coach.txd ndani ya modloader\Majaribio, washa gemu uone pamekuwa pekundu wapi. Rudia kwa nyingine. Usibadili majina ya picha, maana umbo linaziita kwa majina hayo. Ukikosea, sehemu hiyo inatoka nyeupe tupu.

Vipimo viwe 256, 512 au 1024, si 900 wala 700. Hifadhi kwa DXT1, mfumo wa kubana picha: picha ya 1024 kwa 1024 bila kubanwa ni MB 4, kwa DXT1 ni KB 512. Modi nzito zikizidi, barabara na nyumba zinaanza kupotea ukiwa unaendesha. Ukiona rangi ya basi inaichafua michoro yako, kopi data\carcols.dat kama ulivyofanya mwanzo, fungua nakala, na kwenye mstari wa coach acha jozi moja tu: 1,1, yaani nyeupe. Na maandishi yakisomeka kinyume upande mmoja, picha yako haina kosa. Mbavu zote mbili zinatumia picha ileile iliyogeuzwa. Dawa ni kutenganisha UV, yaani mpangilio wa picha juu ya umbo, kwenye Blender, au kuweka nembo isiyo na herufi.

Gemu ikijifunga, soma modloader.log kuanzia chini, mistari ya mwisho hutaja faili iliyokuwa ikisomwa. Kama haisemi kitu na una modi kumi, toa tano. Ikiwaka, kosa liko kwenye zile ulizotoa, zigawe tena. Na kabla ya kujaribu skripti yoyote, kopi folda ya GTA San Andreas User Files iliyo kwenye Documents. Humo ndimo gemu ulizohifadhi zilimo, na skripti mbovu ikiziharibu, hazitengemai hata ukishaifuta.