Kubeba kuku toka Muheza mpaka Tanga bila kumtesa, na Maandiko yanasemaje

Wajameni nianze na aibu yangu mwenyewe. Krismasi moja nilinunua kuku 4 wa kienyeji Muheza, muuzaji akaniongezea kijogoo kimoja kidogo, nyongeza hiyo, basi nikawafunga miguu wote nikawaning'iniza vichwa chini kwenye bodaboda mpaka Makorora, mtaani kwetu Tanga, na jua la Tanga la Desemba si mnalijua. Kufika, kile kijogoo cha nyongeza kimeshakufa, mwingine mdomo wazi anahema tu. Babu mmoja jirani, mtu wa msikitini, hakunigombeza, kaniuliza tu, "Mjukuu wangu, riziki ya huyu iko kwa nani?" Kumbe ananikumbusha Sura Hud aya ya 6, kwamba hakuna kiumbe kinachotembea ardhini ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu.

Mi Mkristo, nikaingia ndani nikafungua Biblia. Mathayo 10:29, shomoro 2 kwa senti 1. Luka 12:6, shomoro 5 kwa senti 2. Piga hesabu, huyo wa 5 ni nyongeza, kama pale soko la Mgandini unaponunua fungu la nyanya unamwambia mama "niongeze basi". Na Yesu anasema hata mmoja Mungu hamsahau. Nilikaa kimya kidogo hapo.

Sasa fanya hivi. Tafuta tenga, au boksi kubwa ulitoboe matundu, kuku wasibanane. Usimning'inize, kuku hana ule msuli wa kutenganisha kifua na tumbo kama sisi, ukimgeuza kichwa chini matumbo yote yanalalia mifuko yake ya hewa, anakosa pumzi. Akiwa mmoja mbebe kwapani, mabawa umeyabana, miguu umeishika, anatulia kabisa. Safiri alfajiri au jioni, maana kuku hatoki jasho, anajipoza kwa kuhema. Ukifika kitu cha kwanza kivuli na maji, kupiga picha ya kurusha status baadae. Mithali 12:10 inasema mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake, mi naona hata kikombe cha maji kimo humo.

Wenye punda na ng'ombe wa mkokoteni, Kutoka 23:12 inawapa siku ya kupumzika, ya 7, sio mpaka waanguke. Afu mstari wa 5 hapo hapo ndo mgumu, ukikuta punda wa mtu anayekuchukia kalala chini ya mzigo, msaidie. Yaani mbuzi wa yule jirani mliyegombana mpaka wa kiwanja akijinyonga na kamba, unaenda unamfungua, ugomvi mtaendelea nao kesho serikali ya mtaa.

Kuna watu wataniletea Paulo, 1 Wakorintho 9:9, pale anapouliza kwani Mungu anahangaika na ng'ombe? Paulo pale anatetea posho ya wahubiri, sheria ya kutomfunga ng'ombe mdomo akipura nafaka (Kumbukumbu 25:4) hajaifuta, na kama ng'ombe hana haki ya kula kazini basi mfano wake wote unaanguka.

Siku ya kuchinja, kisu kinolewe mapema na asikione, usichinje mmoja mwenzie anaangalia. Waislamu wana hadithi ya Mtume kwenye Sahih Muslim inayosema noeni visu vyenu, mumpumzishe mnyama, na Walawi 22:28 inakataza kuchinja ng'ombe au kondoo na mtoto wake siku moja. Najua kuku wa Tanga nae ni waja leo waondoka leo, jioni yuko kwenye sufuria, ila hayo masaa machache aliyobaki nayo yako mikononi mwako.

Tenga nilishanunua, wa Makorora mkitaka njooni mchukue, ila lirudi limeoshwa.