Mashine ya Kukatia Nyasi ya Kuendesha Inapokataa Kuwaka

Mkoani Tabora mvua hukatika kwa kawaida kati ya Aprili na Mei na hazirudi hadi kwenye Novemba, kwa hiyo mashine ya kukatia nyasi ya kuendesha, ile ya viwanja vya shule na bustani za hoteli, hukaa stoo miezi mingi bila kuguswa. Nyasi zinapochipua na mashine ikakataa kuwaka, wengi hukimbilia kufungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilhali mara nyingi hitilafu huwa kwenye betri, swichi za usalama au petroli iliyochakaa, mambo ambayo mtunzaji makini anaweza kuyakagua mwenyewe.

Anza na swichi za usalama. Nyingi ya mashine hizi haziwaki mpaka dereva akae kitini, akanyage breki hadi mwisho, na visu viwe vimezimwa. Ukiwa umetimiza hayo na bado kimya, inua kiti uangalie waya za swichi iliyo chini yake, kwa sababu panya hupenda kujificha humo wakati wa kiangazi na meno yao huharibu waya. Nakusihi usiziunganishe waya hizo moja kwa moja ili kuiruka swichi: ndiyo inayozima injini dereva akianguka, na visu havichagui mguu wa nani.

Kisha zungusha ufunguo usikilize. Ikiwa hakuna sauti yoyote, kagua fyuzi na betri. Ikiwa unasikia mlio mmoja mkavu na stata, yaani mota ndogo inayozungusha injini iwake, haizunguki, betri ni dhaifu, vichwa vyake vina kutu, au solenoidi ya stata, swichi inayoipelekea umeme wa betri, imechoka. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6 kwenye mita. Ikisoma chini ya 12.4 inahitaji chaji, na ikiwa imeshachajiwa vizuri lakini inaporomoka chini ya volti 9 wakati wa kupiga stata, basi imekwisha. Unapoifungua, toa waya wa hasi kwanza, na unapoirudisha, huo uwe wa mwisho. Mafundi wa chaji wamezoea betri za magari, kwa hiyo mweleze fundi wako kwamba hii ni ndogo na aichaji kwa ampea chache, hata kama utalazimika kuifuata kesho yake, kwani chaji ya nguvu huiua mapema.

Stata ikizunguka vizuri lakini injini haishiki, tatizo liko kwenye petroli, hewa au cheche. Petroli iliyokaa tangu kiangazi kianze hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha utando unaonata ndani ya kabureta. Imwage yote nje, mbali na jiko la mkaa na mtu anayevuta sigara, badilisha filta ya petroli huku mshale wake ukielekea injini, kisha weka petroli mpya na uvute choki, ile inayopunguza hewa ili injini baridi iwake. Kung'uta pia vumbi kwenye chujio la hewa. Legeza kifuniko cha tangi ujaribu tena: injini ikishika, tundu la hewa la kifuniko limeziba, pengine kwa udongo wa nyigu.

Mwisho fungua plagi inayotoa cheche, ambayo ndiyo shahidi mkweli kuliko wote. Ikiwa kavu baada ya kupiga stata mara kadhaa, petroli haifiki na sasa kabureta inastahili kufunguliwa. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini haiungui, kwa hiyo ikaushe, isafishe, au weka mpya yenye nafasi kati ya ncha zake iliyotajwa katika kitabu cha mashine, ambayo kwa injini nyingi za aina hii ni milimita 0.76 hivi. Plagi mpya nayo ikilowa bila injini kushika, ita fundi apime koili inayoipa plagi umeme na mgandamizo wa silinda, na umweleze ulichokwisha kukagua ili asianze upya kwa gharama yako.