Msongamano wa samoni na chawa wa samaki: piga hesabu mbili

Wafugaji wengi hupima msongamano kwa kilo kwa mita ya ujazo, wakaishia hapo. Chawa, kimelea kidogo kinachokula ngozi ya samaki, hajali kipimo hicho. Anatafuta samaki wa kung'ang'ania, na samaki wakiwa wengi katika eneo zima, mabuu yake, yaani chawa wachanga, nayo huzidi.

1. Pata ujazo. Kizimba (wavu wa kufugia samaki unaoelea baharini) chenye mzingo wa mita 160 na wavu wa kina cha mita 15 kina takriban mita za ujazo 30,500. Mkondo mkali hukunja wavu, nafasi ikapungua.

2. Panga kwa uzito wa kuvunia, si wa kifaranga. Norway imeweka kikomo cha kilo 25 kwa mita ya ujazo, na samaki 200,000 kwa kizimba. Katika kizimba chetu, samaki 200,000 wa kilo 5 ni tani 1,000, karibu kilo 33 kwa mita ya ujazo: umeshavuka. Samaki 150,000 watakaa chini kidogo ya 25. Mimi ningeweka wachache zaidi. Maji yakipata joto oksijeni hupungua, na samaki aliyedhoofika hahimili matibabu.

3. Hesabu samaki wa eneo zima, pamoja na wa jirani. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiwagawa samaki walewale katika vizimba zaidi, msongamano unashuka lakini chawa wanabaki na windo lilelile, maana mabuu huelea na mkondo kwa siku kadhaa kabla ya kumpata samaki. Kubalianeni kupandikiza na kuvuna kwa pamoja, kisha mpumzishe maji bila samaki.

4. Hesabu chawa kila wiki. Usichote samaki wanyonge wanaozubaa juu tu. Walaze kwa dawa ya usingizi, kagua ngozi yote, na uchunguze pia maji ya beseni kwa kuwa baadhi ya chawa hudondoka. Chawa majike waliokomaa waandike peke yao. Wengi utawajua kwa nyuzi mbili za mayai. Kikomo cha Norway ni wastani wa majike hao 0.5 kwa samaki, na 0.2 katika majuma ya masika ambapo samoni wachanga wa mwituni huelekea baharini. Hao wachanga huweza kuuawa na chawa wachache tu, kwa hiyo kikomo hiki kiheshimu hata kama samaki wako wanaonekana wazima.

5. Kinga kwanza. Mabuu hukaa zaidi karibu na uso wa maji, hivyo turubai linalozungushwa sehemu ya juu ya kizimba huyapunguza. Ila hupunguza pia mzunguko wa maji: pima oksijeni ndani kila siku. Ukilazimika kutumia dawa, usirudie ileile mfululizo. Chawa hujenga usugu.