Mwendo wa oili: namna ya kulielewa na kulitunza gari la haidrostatiki la nchi kavu na majini

Ukifungua kifuniko cha gari la magurudumu sita au manane, lile linalopita tope kisha likaelea ziwani, ukatafuta giaboksi na klachi usivione, huenda ni la haidrostatiki, yaani linaloendeshwa kwa presha ya oili. Kazi yangu ni kuyatengeneza. Wengi wanaoniletea huanza na injini, lakini mimi huanza na oili, kwa sababu nguvu yote inasafiri humo.

Fuata njia yake. Injini inazungusha pampu mbili, moja ya upande wa kushoto, nyingine ya kulia. Ndani ya kila pampu kuna pistoni ndogo zilizopangwa duara, na miguu yake inateleza juu ya sahani ya chuma inayoweza kuinamishwa. Sahani ikiwa imenyooka, pistoni zinazunguka tu bila kuingia wala kutoka. Injini inanguruma, gari limetulia. Sukuma leva: sahani inainama, pistoni zinaanza kuvuta na kusukuma oili. Inamisha zaidi, oili inaongezeka na mwendo unaongezeka. Ikiinamia upande wa pili, oili inageuza njia na gari linarudi nyuma.

Oili ya kila pampu inakwenda kuzungusha mota, kifaa kinachogeuza presha hiyo kuwa mzunguko wa magurudumu. Ikishaizungusha inarudi moja kwa moja kwenye pampu, haipitii tangi. Lakini daima kuna kiasi kinachopenya kwenye nafasi finyu kando ya pistoni na kurudi tangini, na hicho ndicho kinachozilainisha. Oili hiyo iliyopungua inafidiwa na pampu ndogo ya kujazia. Presha yake mara nyingi ni bar 15 hadi 25 tu, wakati upande wa kazi unaweza kupita bar 200. Usiidharau. Ikidhoofika yenyewe, pande zote mbili za gari, kushoto na kulia, zinadhoofika.

Piga hesabu hii uone mambo yanavyokwenda. Pampu inayotoa sentimita za ujazo 18 kila mzunguko, ikizungushwa mara 3,000 kwa dakika, inatoa lita 54. Mota inayomeza sentimita za ujazo 400 kila mzunguko itazunguka mara 135 kwa dakika, na tairi la kipenyo cha sentimita 60 likizunguka sawa na mota hiyo litakwenda kama kilomita 15 kwa saa. Kwa presha ya bar 200, mota hiyo ina nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni-mita 1,270, ukiacha kile kinachopotea njiani. Sasa rudisha sahani nusu: mwendo unashuka nusu, ila nguvu ya kuzungusha inabaki palepale. Ndiyo maana nalipenda gari hili kwenye tope zito. Linatambaa taratibu na hakuna klachi ya kuungua.

Kila mota inaendesha magurudumu ya upande wake, mara nyingi kwa cheni. Kata kona kwa kupunguza upande mmoja; peleka upande mmoja mbele na mwingine nyuma, gari litageuka palepale lilipo. Ukiachia leva linajizuia lenyewe. Hata hivyo, kwenye mteremko funga breki ya kuegeshea kila mara, maana oili inayopenya ndani italiachia gari lisogee polepole.

Kabla ya kuingia majini, hakikisha plagi zote za chini zimefungwa na pampu ya kutoa maji ngamani, yaani yanayokusanyika chini ndani ya bodi, inafanya kazi. Kama umetoka kwenye mwendo mrefu, subiri. Vikasha vya bearingi za ekseli vikiwa vya moto vikizamishwa ghafla, hewa ndani yake inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Ingia taratibu, gari likiwa limenyooka. Majini ni kashata za tairi zinazopiga kasia, na mwendo ni wa kilomita chache kwa saa. Kukanyaga mafuta hadi mwisho kunarusha maji bila faida kubwa.

Adui mkubwa ni joto. Bodi ya gari hili imezibwa ili lielee, kwa hiyo joto halina pa kukimbilia, na sehemu ya nguvu ya injini hugeuka joto ndani ya oili. Mimi sipendi ipite nyuzi 80. Osha kipoza oili kila baada ya kazi ya tope, hata kama kwa macho kinaonekana safi, maana tope hukaukia katikati ya mapezi.

Gari likikosa nguvu, angalia rangi ya oili kwanza. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji: imwage yote, tafuta yalikopitia, badilisha filta pia. Ikitoa povu huku pampu inalia kwa sauti nyembamba, inavuta hewa. Kaza vibano vya mpira wa kufyonzea. Ikiwa gari linavuta upande mmoja, pima fimbo za leva kabla ya kugusa pampu. Likiwa na nguvu asubuhi na kuzipoteza likipata moto, shuku uchakavu wa ndani. Hapo mimi hupandisha gari juu ya stendi, nikaufungua mpira unaorudisha oili ya kupenya kutoka mota ya kushoto, nikauelekeza kwenye chombo cha kupimia na kuziba tundu la tangini, kisha nikafanya vivyo hivyo kulia, kwa mwendo na muda uleule. Upande unaojaza zaidi ndio uliochoka.

Usipapase mpira kwa mkono kutafuta uvujaji. Oili ya presha hii inatoboa ngozi, na jeraha dogo kama la sindano linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Pitisha kipande cha kadibodi.

Na likikuzimikia porini, usilivute hivihivi, kwa sababu magurudumu yatazigeuza mota kuwa pampu. Fungua valvu za kupitishia oili pembeni, zilizopo kwenye pampu zote mbili, achia breki, kisha vuta kwa mwendo wa kutembea na kwa umbali mfupi, kwani pampu ya kujazia haifanyi kazi na oili inayolainisha ni ile iliyobaki ndani. Zifunge tena kabla ya kuwasha. Ukisahau, injini itazunguka na gari halitasogea.